Jicho Likifumba, Toka

Kustaafu ni neno la watumishi. Mimi sikuandikiwa barua na mtu. Kifua changu ndicho kilichoniandikia, na mguu wa kushoto ukatia saini. Msimu wa mvua uliopita nilipanda kutoka shimoni kwa mara ya mwisho, nikakabidhi moko na nyundo, na sasa niko Rugu kwenye kibanja alichoniachia baba, naitazama migomba kama mtu aliyepewa kazi ya mwenzake. Shule niliishia darasa la tano. Atakayekuta neno limekaa vibaya alisogeze mwenyewe.

Naandika kwa ajili ya Edga na vijana wenzake kule Kyerwa. Wanalifungua upya duara la Novatus. Duara ndilo shimo letu la kuchimbia, na hilo la Novatus ndilo lililotuangukia, mimi na mwenzangu Gozibert. Juu ya mdomo wake wamening'iniza jiwe kubwa linalong'aa, eti linawalinda. Jiwe la aina hiyo nimeishi nalo maisha yangu yote ya kazi na nalishukuru. Lakini vijana wanalijua jina lake tu, jicho, na jina hilo limewahi kumuua mtu. Wasiposikia, litawaua na wao. Habari ndiyo hiyo; mengine ni ya njiani.

Jiwe lenyewe wasomi huliita kwatzi. Wanunuzi wanaotoka mjini huliita kristali. Linafanana na barafu iliyokataa kuyeyuka: lina pande zilizonyooka kama zimekatwa kwa msumeno, na ncha juu. Kwetu lilikuwepo kabla ya wanunuzi wote. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na moja dogo, amelifunga kwenye kitambaa cha gome la mti. Mtoto akiumwa macho, bibi alilitumbukiza kwenye maji, akamnawisha. Aliniambia zamani waganga walilishika mkononi na kutazama ndani yake kama mtu anavyotazama kisimani, na wazee waliweka mawe meupe penye vibanda vya mizimu ili mizimu ipaone mahali pake. Alipobatizwa, katekista alimwambia alitupe. Bibi hakubishana. Alilihamishia nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, akaendelea kunawisha watoto. Sikumbuki mtoto aliyepofuka, sikumbuki pia aliyepona siku hiyo hiyo.

Nilikwenda Kyerwa nikiwa kijana ambaye ndevu zake bado zinahesabika, kwa sababu kibanja chetu kilikuwa kidogo na ndugu zangu walikuwa wengi. Tulichimba bati. Mshahara sitauzungumzia, haukuwepo wa kuzungumziwa. Siku ya kwanza nilishuka kwa kamba nikiwa nimefumba macho, na nilipofika chini sauti ikaniuliza gizani:

"Wewe, unasali au umelala?"

Alikuwa Mzee Laurian, Mnyambo wa makamo, mfupi, mwenye mabega kama ya fahali. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Fumbua macho. Humu ndani wa kufumba ni mmoja tu, na si wewe."

Sikuelewa. Akachukua tochi yangu, akamulika ukuta taratibu, kushoto kwenda kulia. Mahali kadhaa kitu kikametameta na kuturudishia mwanga, kama macho ya paka. Akanisogeza karibu. Kwenye kila ufa wa mwamba alikuwa amekingamisha kipande chembamba cha lile jiwe, unene wa njiti, mwisho huu upande mmoja wa ufa, mwisho ule upande wa pili, na ncha zote mbili amezikandika kwa udongo wa kichuguu ukakauka kama saruji.

"Hili ni jicho," akasema. "Ukuta ukisogea, hata kidogo ambacho sikio lako halisikii, litakatika au litadondoka. Ukimulika na lisikurudishie mwanga, limefumba. Jicho likifumba unafanya nini?"

"Nakuita, mzee."

"Unatoka! Utaniita ukiwa juu."

Nilimuuliza kwa nini asitumie kijiti. Akasema mti hunywa maji ukavimba, na mti hupinda. Mti una huruma. Jiwe hili halipindi. Ama lipo, ama limekatika. Tena kijiti haking'ai, na gizani mtu amechoka, hatakwenda kukagua kijiti kwa kidole. Jicho linakuita lenyewe.

Nimeshika zana nyingi tangu siku hiyo. Nimeshika moko, ile tindo ya chuma tunayoigonga kwa nyundo. Nimeshika sururu, karai, baadaye hata mashine ya kutoboa mwamba iliyonipa kifua hiki. Hakuna iliyonipa maisha zaidi ya kile kijipande ambacho mnunuzi wa mjini angekitupa kwa kuwa ni kidogo.

Sasa, Laurian hakuwa fundi mkavu. Kila jicho alilolipachika alilifanyia ishara ya msalaba, kisha akaacha kahawa za kutafuna chini yake, mbili tatu, kama tunavyompa mgeni akifika nyumbani. Asubuhi panya wa shimoni walikuwa wamezila. Gozibert alikuwa akisema panya wa kwetu ndio pekee nchini wanaokunywa kahawa kabla ya kazi.

Gozibert alikuwa mwenzangu wa zamu, mtu wa Bugene, mrefu mno kwa kazi ile, kila siku anajigonga kichwa na kila siku anaulaumu mwamba. Yeye ndiye aliyemuuliza Laurian swali nililokuwa naliogopa.

"Tata," akamwita, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "hebu tuambie ukweli. Hili ni jiwe au lina kitu ndani?"

Laurian akatafuna kahawa yake mpaka ikaisha. "Likifumba," akasema, "utasimama uliulize kabila lake?"

Tulicheka. Lakini nikikaa leo naona hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi. Laurian aliliheshimu jiwe ili tuliheshimu, na sisi tulioheshimu tukaanza kusimulia vilabuni kwenye rubisi kwamba duara letu lina jicho linaloona. Aliyesikia hakusikia ufa wala udongo wa kichuguu. Alisikia jicho linaloona. Na mtu akishasikia kuna jicho linaloona, anataka kubwa zaidi.

Wanunuzi nao wakaongeza chumvi. Alikuja mmoja kutoka Bukoba, mtu mwenye viatu safi, akatueleza kwamba ng'ambo watu wanalivaa shingoni, wanaliweka chini ya mto wapate usingizi, wanalilaza juu ya tumbo linalouma. Akasema hata saa ya mkononi ina kichembe chake ndani ndicho kinachoifanya ihesabu sawasawa. Laurian akaguna, "Ndiyo maana wenye saa hawatulii." Gozibert naye akauliza, "Ndugu yangu, kama linaponya kwa kulilalia, sisi tunaolala juu ya mlima mzima mbona migongo inatuuma?" Yule bwana aliandika kitu kwenye simu yake. Sijui alikwenda kumuuliza nani.

Miaka ikaenda. Duara likarithiwa na Novatus. Namtaja kwa jina kwa sababu anaijua njia ya kuja kwangu, na kama nimesema uongo aje. Novatus hakuwa mtu wa kushuka. Alisimama juu na kofia yake, akipuliza hewa kama shimo linanuka. Msimamizi wake aliitwa Fulgence, ambaye alikuwa mchimbaji kama sisi mpaka alipopewa filimbi. Na mganga wao aliitwa Sabasi. Watatu hao. Majina yao nimeyatamka kila siku moyoni kwa muda mrefu, leo nayaweka kwenye karatasi nipumzike.

Sabasi alikuja na jiwe kubwa kama titi la ng'ombe, safi, halina hata doa. Akalifunga kwa kamba nyekundu juu ya mdomo wa duara, akachinja kuku, akatangaza kwamba hilo ndilo jicho lenyewe, mama wa macho yote. Halafu akasema neno ambalo sijalisamehe: macho mawili hayakai duara moja, yatagombana. Madogo yang'olewe.

Laurian alisimama mbele ya Novatus, kofia mkononi. Nilikuwepo.

"Mwanangu," akasema, "hilo lako limening'inia kwenye kamba. Ukuta ukisogea litajuaje?"

Novatus akamcheka. "Mzee, umetuchosha na uchawi wako wa vijipande. Hili limetoka kwa mtaalamu."

"Si uchawi. Ni ufa."

"Basi kaa nyumbani uangalie nyufa za nyumba yako."

Ndivyo Laurian alivyofukuzwa kazi, akaitwa mchawi na watu waliokuwa wamesimama kwenye damu ya kuku. Fulgence akashuka na bisibisi, akabandua macho ukuta kwa ukuta, anayatia kwenye kopo la maziwa. Tulimtazama. Tulikuwa na midomo, na kila mmoja alisubiri wa mwenzake ufunguke.

Halikuishia hapo. Kuta za duara zinaegemezwa kwa magogo tunayoyaita matimba. Yakioza yanabadilishwa. Kwa kuwa sasa kulikuwa na jicho kubwa, Novatus aliona matimba mapya hayana haja. Mikaratusi iliyokatwa kwa ajili yetu ikapakiwa kwenye lori, ikaenda Kayanga, akaezekea nyumba yake. Paa hilo halijaanguka mpaka leo. Ni magogo mazuri, niliyachagua mimi mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida, wanawake wanaochekecha mchanga wa bati wanaimba kule mtoni. Mimi na Gozibert tulikuwa chini. Tulikaa mahali petu pa kula, akatoa ndizi zake zilizofungwa kwenye jani, akamulika chini kutafuta pa kuweka maji. Akaziweka ndizi kando. Gozibert kuacha chakula haikuwa kawaida.

"Baba Koku," akaniita kwa jina la binti yangu, "lilikuwepo moja hapa."

Pale chini, karibu na usawa wa goti, Fulgence alikuwa amelisahau jicho moja. Tulilijua, hatukulisema, tulilifanya siri yetu. Sasa Gozibert alimulika na ukuta haukurudisha kitu. Kipande kilikuwa sakafuni, kimekatika katikati, na mkatiko wake ulikuwa mpya, hauna vumbi.

Tukaenda chini ya mdomo wa shimo. Gozibert akapaza sauti: "Fulgence! Teremsha kamba!"

"Muda wa kutoka bado!"

"Jicho limefumba!"

Tukamsikia akicheka huko juu, na watu wengine wakicheka naye. "Limefumba wapi? Mimi ninalo hapa, linang'aa kama taa ya gari! Rudini kazini, waoga nyie!"

"Fulgence, nakuomba, waitu," Gozibert akasema, kwa ile sauti ya kumheshimu mtu mkubwa. Alimpa heshima hiyo mtu aliyekula naye sahani moja. "Nakuomba. Teremsha, nitukane nikiwa juu."

Alichukua muda. Kamba ilipokuja, Gozibert aliifunga kiunoni kwangu kabla sijasema neno. Nikamwambia aanze yeye. Akasema, "Mimi mrefu, nitajigonga kila mahali nikucheleweshe. Nenda." Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwisho, nami niliucheka. Nataka vijana walijue hilo. Nilikuwa nacheka ukuta ulipokuja.

Ulinibana mguu nikiwa nimening'inia katikati, na vumbi likaziba kila kitu. Wa kwanza kuja kunitoa hawakuwa watu wa kuvuta kamba. Walikuwa wale wanawake wa mtoni, wakiongozwa na Mama Adventina. Walifukua kwa makarai na kwa mikono, na yeye alinisemesha muda wote kama anamsemesha mtoto anayenyolewa: "Tulia. Umekaribia. Usinitazame, natisha, sijachana nywele." Mama Adventina, kama utasomewa haya, kila asubuhi nikiuweka mguu huu chini nakutaja. Nawashukuru wote mliokuwa na kucha siku hiyo na jioni hamkuwa nazo.

Gozibert walimtoa baadaye. Hakuwa hai.

Msibani, Sabasi alisimama mbele ya mjane akasema jiwe lilimkataa marehemu kwa sababu alishuka bila kujitakasa, amevunja mwiko wa duara. Fulgence akatikisa kichwa kukubali. Novatus akatoa mchele na kusema ni mapenzi ya Mungu. Mjane aliinamisha uso kwa aibu ambayo haikuwa yake. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa mbao, nikashindwa kuinuka. Kwa hiyo nasema leo. Gozibert hakuvunja mwiko wowote. Mwiko wa duara letu ulikuwa mmoja, jicho likifumba toka, naye aliufuata mpaka mahali kamba ilipomruhusu. Walioukanyaga ni Novatus, Fulgence na Sabasi. Hakuna aliyewauliza. Novatus anakaa benchi la mbele kanisani. Sabasi amehamia Ndama na ameweka kibao. Fulgence nikikutana naye ananisalimia kwanza, nami naitikia, kwa sababu mama yangu alinilea vizuri kuliko wake.

Laurian alikuja kuniona. Hakuuliza habari ya mguu. Aliuliza, "Lilifumba lipi?"

"La pale tulipokuwa tunakula."

"Basi lilisema." Akakaa chini, akalia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti. Kisha akanipa kahawa za kutafuna, na alipoondoka aliniachia kifuko chake. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba na donge la kichuguu.

Watu walinishangaa niliporudi kazini mguu ulipokubali. Migomba ya kwetu ilikuwa imepigwa na mnyauko, na Leokadia, mke wangu, alikuwa na watoto wa kulisha. Jibu ndilo hilo. Nilikwenda maduara mengine, kwa waajiri wengine, na wengi walikuwa watu wazuri, siwezi kuwachafua kwa sababu ya mmoja. Popote niliposhuka nilipachika macho kwanza, moko baadaye. Nimetoka mbio mara nyingi na ukuta haukuanguka. Nimechekwa kwa hilo sana. Pia nimetoka bila mbio, natembea, na nyuma yangu pakafunga. Laurian alikufa kitandani kwake, mzee, kifo ambacho watu wa kazi yetu hukisikia kwa wengine. Nilimwekea kahawa kaburini. Sijui zililiwa na nani.

Ndipo tunafika kwa Edga. Siku ya kuniaga, vijana walichinja mbuzi, wakaniita mbele, Edga akanivalisha shingoni jiwe safi, limechongwa, na mnyororo. Ni pacha wa lile walilotundika kwenye duara la Novatus.

"Mzee wetu," akasema, "jicho likulinde nyumbani kama lilivyokulinda shimoni."

Wakapiga makofi. Nililivua, nikaliweka juu ya jiwe la kusagia, nikaomba nyundo. Walidhani nataka kutoboa tundu. Nikalipiga. Lilipasuka vipande, na mwanamke mmoja akapiga kelele kama nimempiga mtoto.

"Mzee Baba Koku!" Edga akashika kichwa. "Umekosana na nini?"

"Halikunilinda," nikamwambia. "Liliniambia. Aliyenilinda ni Gozibert." Nikaokota vipande vyembamba, nikamgawia kila mmoja mkononi, nikawaonyesha ufa kwenye ukuta wa jiko, nikakanda kichuguu, nikapachika. Wengine walitazama kwa adabu, ile adabu ya kumtazama mgonjwa. Niliondoka sijui kama walitupa au waliweka.

Nilikuwa nimeandika hadi hapo, simu ikaita. Edga. Nyuma yake nasikia makelele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mko wapi?"

"Juu. Wote. Kile kijipande chako cha upande wa mashariki kimefumba tangu jana. Tumekaa hapa jua linatuchoma, ukuta hauanguki! Hawa wenzangu wanasema umetuloga. Sikia wanavyokutukana."

Akanyoosha simu. Nikawasikia, mmoja mmoja. Mmoja ananiita mganga wa kichuguu, mmoja anasema nirudi Kyerwa nije niusukume ukuta mwenyewe, mwingine anauliza kwa sauti ya juu kama kule Rugu kuna ugonjwa wa akili. Leokadia alitoka jikoni kusikia ni kelele za nini. Nikamfanyia ishara anyamaze. Nilikuwa nazihesabu zile sauti, na hakuna hata moja iliyopungua.